Wema Uanzie Jikoni

Tangu tutangaze toleo hili la wema wa kila siku, barua nyingi tulizopokea zinabishania picha. Je, kwaya iliyopeleka unga, sabuni na mafuta ya kupikia kwenye kituo cha watoto yatima ipige picha na kuzisambaza? Upande mmoja umeshika Mathayo 6 na sadaka ya siri. Upande wa pili umeshika Mathayo 5 na taa juu ya kinara. Nimezisoma zote, na zimenikera kwa jambo moja: pande zote mbili zinauona wema wa Mkristo kuwa ni safari. Tunapanda basi Jumamosi asubuhi, tunashusha mizigo, tunaimba, tunarudi.

Nyumbani tulikomwacha dada wa kazi, hakuna barua iliyofika.

Angalieni jumuiya zetu za katikati ya wiki. Binti ametandika mikeka, amepanga viti vya plastiki, amepitisha birika na beseni watu wanawe. Somo linasomwa. Tunawaombea wagonjwa, wajane na wasafiri, kila mtu anataja hitaji lake. Yeye yuko jikoni anachuja chai, na hakuna anayemwita aje ataje lake. Jumapili tunakwenda ibadani tukimwachia mtoto na maharage jikoni, ilhali amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamtaja mjakazi waziwazi.

Kauli inayoniumiza zaidi ni hii: “Kwetu huyu ni kama mtoto wetu.” Mtoto wetu yupi anaamka saa kumi alfajiri kuwachemshia wenzake maji ya kuoga, na halali mpaka mgeni wa mwisho aondoke? Kwa kauli hiyo mkataba unayeyuka, siku ya mapumziko inayeyuka, na mshahara “anatunziwa” hadi Krismasi. Krismasi ikifika, inakatwa sahani iliyovunjika, inakatwa dawa ya malaria, na binti anapanda basi la kwao na nauli tu. Kumbukumbu la Torati 24 inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele mbele za Mungu.

Mchungaji aliyetuandikia makala ya kwanza anasema kumlipa mtu ni haki, na wema ni kile kinachozidi haki. Namheshimu, lakini hapa simfuati. Gauni la mtumba unalompa binti katika mwezi ambao hujamlipa si zawadi. Limenunuliwa kwa fedha yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani. Inanihuzunisha kwamba mambo haya nayasikia redioni mara nyingi kuliko mimbarini.

Someni tena Matendo 12. Nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, waumini walikuwa wakimwombea Petro. Aliyeitambua sauti yake mlangoni ni mtumishi, Roda; alipowaambia, walimwona ana wazimu. Jibu la maombi yao lilipitia kwake, nao hawakumsadiki. Luka ametuhifadhia jina lake. Ni wangapi kati yetu tunaojua jina la ubatizo la binti anayetupikia?

Ndani ya toleo hili, makala kuhusu Dorkasi wa Yafa itazifaa sana idara za wanawake. Ushuhuda wa muuguzi juu ya salamu za wodini usomwe taratibu. Mabishano ya picha tumeyaweka kurasa za mwisho.

Wazee wa kanisa, nawaomba jambo moja: kabla kwaya haijapanda basi tena, kila mwenye dada wa kazi amkabidhi mkononi mshahara anaomdai. Toleo lijalo tutachapa barua za mabinti wenyewe, bila majina yao wala ya waajiri. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu wa jumuiya anayemwamini, asiwe mtu wa nyumba anayofanyia kazi.