Kabla Hujauza Mtamba Uende Kucheza Marekani

Kijana mwenzangu, kama una urefu wa futi sita na ushee, mabega yako yanajaza mlango wa matatu na kila mtu pale soko la Gakoromone anakuita umbebee gunia, bila shaka umeshaambiwa kwamba huo mwili ni pesa. Neno hilo nimelisikia Makutano mjini Meru, nikalisikia tena Runyenjes. Silipingi. Ninachotaka ujiulize ni nani anayelisema, na anataka nini kwako.

Mtoto wa shangazi yangu, upande wa Embu, aliambiwa hivyo na jamaa aliyejiita wakala. Kijana alikuwa moto kwa raga shuleni. Jamaa akamwonyesha picha za viwanja vya Marekani kwenye simu, akasema timu za futiboli ya kule zinasaka Waafrika wenye nguvu, nafasi imebaki moja. Ikalipwa ada ya fomu. Halafu ada ya daktari. Halafu ada ya viza. Shangazi akauza mtamba aliyekuwa karibu kuzaa. Leo ukipiga ile namba, mteja hapatikani.

Msiwe wepesi kumcheka. Kilichomponza ni kwamba ile hadithi ina ukweli ndani yake. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akitoka kwenye raga, bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani dhidi ya Tennessee Titans, na ndiye anayetajwa kuwa Mkenya wa kwanza kucheza kwenye ligi ya NFL. Sasa angalia alikopitia. Alikuwa ameshacheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, na ni timu iliyomtafuta. Timu ya NFL humlipa mchezaji. Haimtozi. Ukiona unatozwa, hiyo si timu.

Na hata mlango ukifunguka, kaa ukijua unaingia wapi. Adongo aliachwa mwaka 2015. Chama cha wachezaji wa kule husema wastani wa maisha ya mchezaji ligini ni miaka mitatu na kitu. Hiyo haifiki hata muda wa kumaliza digrii pale Chuo Kikuu cha Embu.

Mwenye asili ya huku aliyedumu ni Mathias Kiwanuka. Jina hilo Waganda wanalijua vizuri: babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa waziri mkuu wa Uganda kabla ya uhuru, kisha Jaji Mkuu, akatekwa na kuuawa enzi za Idi Amin mwaka 1972. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, akasoma Boston College, na New York Giants wakamchagua raundi ya kwanza mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa ulinzi, yaani kupenya ukuta wa wapinzani na kumwangusha mrusha mpira kabla hajauachia.

Msimu huo huo wa kwanza, tena dhidi ya Titans, Giants wanaongoza 21-0 hadi robo ya mwisho. Mechi inaelekea ukingoni, Kiwanuka anamkamata mrushaji wao, Vince Young, mikononi kabisa. Akamwachilia. Alidhani mpira umeshatoka, akaogopa kuadhibiwa kwa kumwangusha mtu asiye na mpira. Young akachomoka nao, na Titans wakashinda 24-21. Hebu fikiria hilo limekupata wewe kwenye fainali za kaunti pale Kinoru, na kijiji kizima kimekuja kwa lori.

Hakuacha. Novemba 2007 akavunjika mguu, akaitazama timu yake ikitwaa ubingwa Februari 2008 bila yeye uwanjani. Mwaka 2010 shingo ikamtoa tena. Februari 2012 akawa uwanjani Giants walipowafunga New England Patriots 21-17 kwenye fainali, na fainali yenyewe ilichezewa Indianapolis, mji aliozaliwa. Mwaka 2015 timu ikamwachilia, baada ya misimu tisa. Tisa! Na bado alikuwa na miaka thelathini na kidogo tu, umri ambao kwetu wengi ndio kwanza wanatafuta ploti ya kujenga.

Kwa hivyo tukae tu na mizigo yetu? La. Mwaka 2023 NFL yenyewe ilileta kambi yake ya vijana wa Afrika Nairobi. Tena kuna futiboli ya vitambaa, watano kwa watano, ambapo humwangushi mtu: unachomoa kitambaa kiunoni mwake. Itachezwa kwenye Olimpiki za Los Angeles 2028, wasichana na wavulana. Haihitaji kofia ya chuma wala mabega ya plastiki. Mpira mmoja na vitambaa fundi yeyote anashona. Kinoru ilipambwa kwa Madaraka Dei ya 2018, Uwanja wa Moi Embu ukapambwa kwa ile ya 2023. Nauliza maafisa wa spoti wa kaunti zote mbili: mtaupa mchezo huu Jumamosi ngapi? Na ninyi walimu wa michezo, mtaanza lini? Mahali penye kocha anayejulikana na ratiba iliyobandikwa ukutani, wakala wa simu hana la kuuza.

Mtoto wa shangazi siku hizi ana boda, na jioni hukimbia kidogo uwanjani. Shangazi hajawahi kumlaumu hata siku moja. Huniuliza tu mimi kama yule mtu ameshapatikana. Namba ninayo bado. Jana nimepiga tena, hola.