Kuchelewa Si Kupotea



Wazazi wa hapa Babati wenye watoto masomoni Ulaya hupata taabu moja karibu na Noeli. Siku ya mtoto kushuka Kilimanjaro imejulikana, ndugu wamekwisha alikwa, kisha yaja habari kwamba eropleni imechelewa kwa sababu ya theluji. Wazee hunung'unika: "Je, hata Wazungu hawana saa?" Basi, na tuelezane.

Theluji au barafu ikishika juu ya bawa, hata ikiwa nyembamba, huharibu umbo lake, nalo bawa haliwezi tena kuinua eropleni vema. Kwa hiyo kabla ya kuruka hunyunyiziwa maji ya moto yaliyochanganywa na dawa iitwayo glaikoli, ambayo huyeyusha barafu na kuizuia isigande tena. Nguvu ya dawa ni ya muda tu. Eropleni ikingoja mno, hunyunyiziwa upya. Tena, magari ya kukwangua theluji yakiwa njiani, haitui wala hairuki eropleni yoyote. Ni kama kwenye mashine ya kusaga: mahindi ya mmoja yakikwama, wote waliomfuata hungoja.

Mwambieni mtoto asione haya kuuliza haki yake. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, msafiri anayecheleweshwa sana katika viwanja vya huko hupewa chakula, na ikibidi kulala hupewa mahali pa kulala, hata kama sababu ni theluji. Ila fidia ya fedha hapati, maana hali ya hewa si kosa la shirika.

Labda utasema, "Mbona wasijaribu tu?" Tarehe 6 Februari 1958 huko Munich, eropleni iliyochukua wachezaji wa Manchester United ilijaribu kuruka mara mbili, ikaacha. Mara ya tatu theluji yenye majimaji iliizuia kupata mwendo. Ikapita mwisho wa njia na kugonga nyumba. Kati ya watu 44 walikufa 23. Nasi hatujasahau Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022: eropleni ilianguka ziwani karibu na uwanja wakati wa hali mbaya ya hewa, wakafa 19 kati ya watu 43. Tuwaombee.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna masika. Dereva wa basi akisimama kando ya korongo lililojaa maji, abiria humpigia kelele: "Vuka bwana, tunangojwa!" Ndugu, amri ya tano hutukataza kuua, nayo haimhusu mwenye panga peke yake. Yamhusu pia yule anayemshurutisha dereva avuke asipoona chini. Siku hiyo kaa kimya, toa rozari yako, ungoje maji yapungue. Wanaokungoja nyumbani wanakutaka wewe mzima, si saa yako.