Likasi: Sekretere wa mkurugenzi apewe cheo cha kazi anayoifanya

Katika biro nyingi za Likasi, kuanzia viwanda vya Shituru na Panda hadi kampuni za sutretansi zinazochukua vipande vya kazi kwa wenye migodi, kuna mtu anayejua mkataba upi unaisha mwezi ujao, barua ipi ya serikali haijajibiwa, na nani aliahidi nini katika mkutano wa Jumatatu. Mara nyingi mtu huyo ni sekretere wa mkurugenzi. Lakini kwenye karatasi ya mshahara yuko chini ya watu ambao kila asubuhi wanapita mezani kwake kuuliza mambo yao yamefikia wapi.

Wengi wanachukulia hali hiyo kuwa ya kawaida, kumbe inamdhulumu mfanyakazi na kuitia kampuni hasara.

Tuchukue sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018. Inamlazimisha mwenye mgodi kutia sahihi hati ya ahadi na wakaaji wanaouzunguka, na kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo yao. Mkurugenzi ndiye anayetia sahihi. Lakini kama kisima kilichoahidiwa hakijachimbwa, wa kwanza kujua ni yule aliyeandika ripoti ya mkutano na kuhifadhi tarehe. Kadhalika CNSS: kila mwezi mchango wa asilimia 18 ya mshahara, 5 za mfanyakazi na 13 za mwajiri, lazima utangazwe na kulipwa kwa wakati. Katika kampuni ndogo, karatasi hizo zinaandaliwa na sekretere. Akikosea, kampuni inalipa adhabu na mzee wa kazi anakuta pengo siku anapodai pensheni. Kazi yenye uzito kama huo si ya kupiga mashine tu.

Likasi haihitaji kufundishwa uzito wa karatasi. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliosimamiwa na serikali na Benki ya Dunia. Mabishano juu ya hesabu zao za mwisho yaliendelea miaka mingi. Katika mabishano ya namna hiyo, miaka ya kazi, cheo na mshahara vinathibitishwa kwa faili. Anayetunza faili anatunza haki za watu.

Tukirudi nyuma zaidi, mji ulipoitwa bado Jadotville, Mkongomani aliyesoma alifika karibu na mwisho wa ngazi akiwa karani. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Joseph Kasa-Vubu alikuwa karani katika utawala wa kikoloni, idara ya fedha. Mwaka 1960 mmoja akawa waziri mkuu, mwingine rais. Makarani hao walikuwa wameona barua za serikali zikipita mikononi mwao, lakini wakoloni hawakuwaruhusu kukaa kwenye meza inapoamuliwa kazi. Nchi ilipopata uhuru, Wakongomani waliokuwa wameshika vyeo vya juu vya utawala walihesabika kwa vidole. Kumweka mtu karibu na maamuzi miaka 15 bila kumfundisha kuamua ni kujinyima kiongozi wa kesho. Kampuni nyingi za leo zinafanya hivyo hivyo na masekretere wao.

Wakubwa wana majibu yao. Wa kwanza anasema sekretere ni mtu wa siri, na akipandishwa siri itatoka naye. Lakini siri inavuja zaidi kwa mtu aliyekata tamaa kuliko kwa mtu mwenye cheo cha kulinda. Wa pili anasema kampuni yake ni ndogo, haina feza ya kuongeza kadre mwingine. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo kampuni ndogo ndiyo isiyoweza kumlipa mwanasheria, mhasibu na msimamizi wa mikataba kila mmoja peke yake. Mtu mmoja anayezijua faili zote tatu, akipewa mamlaka kidogo, anaipunguzia gharama. Na katika migodi wakurugenzi hawakai: huyu anarudi kwao, yule anahamishwa Kolwezi. Anayebaki kumwonyesha mgeni kila kitu ni sekretere, bila kulipwa kwa kufundisha.

Basi sekretere anayetaka kupanda afanye nini? Kungoja huruma ya mkubwa hakutoshi, na diploma nyingine peke yake haitoshi pia.

Kwanza, aandike. Kwa miezi mitatu aweke daftari la kazi ambazo si za kuchapa: deni alilofuatilia likalipwa, mkataba alioukumbusha kabla haujaisha, mkutano aliouandaa na maamuzi yaliyotekelezwa. Mkubwa anasahau haraka sana msaada asioona ukiandikwa.

Pili, ashike faili moja na ijulikane kuwa ni yake. Inaweza kuwa kalenda ya mikataba, matangazo ya CNSS, au ufuatiliaji wa ahadi kwa wakaaji. Anayesaidia kila mtu katika kila kitu anashukuriwa na wote, lakini siku ya kupandisha vyeo hakuna anayeweza kutaja kazi yake.

Tatu, ajifunze hesabu. Anayeandika barua nzuri kwa Kifaransa lakini hawezi kusoma bajeti atabaki mlangoni. Hapa kuna mlango ambao wengi wanausahau: INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, inaishi kwa michango ambayo sheria inawadai waajiri. Kampuni inayotoa mchango wake imekwisha kulipia sehemu ya mafunzo, kwa hiyo kuomba kutumwa huko si kuomba sadaka.

Nne, adai kwa maandishi. Mpangilio wa kazi nchini unapanda kutoka manevri hadi mfanyakazi mwenye ujuzi wa juu, kisha metrizi, kisha kadre. Saa ya kuongea ni wakati mkataba unapofanywa upya au alama za mwaka zinapotolewa, daftari likiwa mkononi, na mjumbe wa sendika akiwa na habari.

Kwa wanawake, ambao ni wengi katika kazi hii, kuna mzigo wa ziada. Hadi sheria ya familia iliporekebishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume ili kufunga mambo mengi ya kisheria. Sheria imebadilika, midomo ya mtaani bado. Mama akipanda cheo, watu wanauliza amelala na nani. Tena kuna wakubwa wanaotaka malipo ya namna hiyo, ingawa sheria ya 2006 juu ya makosa ya kingono inaadhibu unyanyasaji huo. Dawa ni vigezo vilivyoandikwa na kubandikwa: kwa kazi hii, kwa muda huu, kwa matokeo haya, mtu anapanda. Vigezo vikiwa wazi, mkubwa mbaya anakosa cha kuuza, na mama aliyestahili anapata jibu la kuwafunga midomo.

Waajiri nao wasichelewe. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoandika barua na kufupisha mikutano kwa dakika chache. Anayelipwa kwa kuchapa tu atakosa kazi, na kampuni itabaki na mashine isiyojua kwamba chifu fulani alikasirika mwaka jana kwa sababu hakualikwa. Ujuzi wa namna hiyo uko kichwani mwa sekretere, na thamani yake inaonekana akipewa nafasi ya kusema mkutanoni.

Kabla ya kutoa alama za mwaka huu, kila mkurugenzi wa Likasi angefanya vizuri kuorodhesha mambo yatakayosimama kama sekretere wake asipokuja kazini kwa mwezi mmoja. Kisha ailinganishe orodha hiyo na cheo kilichoandikwa kwenye mkataba wake.