Tulikinge trekta kabla ya kumlaumu dereva

Wahenga walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hapo ni kijinga cha moto, lakini neno hilo hilo pia lina maana ya hifadhi dhidi ya madhara. Maana zote mbili zinamhusu kila anayebebea kuni kwa trekta ndogo.

Katika nyanda za juu zikuzazo majani chai, kama vile Kericho na Limuru, viwanda huchoma kuni ili kupata mvuke wa kukaushia chai. Ndiyo maana mikaratusi imepandwa kwa wingi huko. Mwenye trekta ndogo, iliyoundwa kwa kazi ya bustani, hushawishika kuifunga tela na kuiingiza katika vijia vya msituni.

Hapo ndipo balaa huanzia. Tumbo la trekta hiyo li karibu mno na ardhi. Gurudumu la mbele likikanyaga ncha moja ya kijiti, ncha ya pili huinuka na kudunga chujio la oili, au kupasua mpira unaopitisha mafuta ya haidroliki, au kukata valvu ya gurudumu. Magome ya mkaratusi, yabambukayo kwa vipande virefu, hujisokota kwenye ekseli na mikanda. Majani makavu nayo huziba rejeta hata injini ikachemka.

Hasara ikitokea, nani hulaumiwa? Ni dereva. Huitwa mzembe, na mshahara wake ukakatwa. Yafaa ifahamike kwamba kuhusu mali iliyoharibika, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki pale tu uharibifu unapotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kijiti kilichoinuliwa na gurudumu si makusudi ya mtu.

Dawa ipo. Fundi wa kuchomelea vyuma aunde bamba la kufungwa kwa bolti chini ya injini, lenye tundu la kutolea oili chakavu. Wavu wa chuma uwekwe mbele ya rejeta, na valvu za magurudumu zifunikwe. Mashine ya kukatia nyasi iliyo tumboni iondolewe. Zaidi ya yote, njia ifyekwe na vijiti viokotwe kabla ya safari ya kwanza.

Hata hivyo, bamba lisiposafishwa hukusanya majani na magome karibu na ekzosi yenye joto. Majani ya mkaratusi yana mafuta, nayo hushika moto upesi. Hapo kinga ya hifadhi hugeuka kinga ya moto. Kila siku dereva hana budi kuzima injini, kungoja ipoe, kisha kuondoa taka zote.

Lakini atayajuaje hayo iwapo kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa Kiingereza, tena kimefungiwa kabatini mwa tajiri? Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo ina faida gani ikiwa onyo halimfikii ashikaye usukani? Wauzaji wa mitambo na watoe maelezo kwa Kiswahili. Naye mwenye trekta, kabla ya kukata mshahara wa mtu, na ainame atazame tumbo la trekta yake. Je, alilikinga?