Simamisheni Vidio, Vijana Waseme

Jioni moja mwezi uliopita nilipanda ngazi za jumba kuukuu la mawe huko Ngara, karibu na Barabara ya Murang'a, kutazama mpwa wangu anakosomea Kiingereza cha kusema. Niliwakuta vijana kama 20, wengine wametoka moja kwa moja kwenye vibanda vya nguo vya Fig Tree, macho yote ukutani. Mwalimu alikuwa amewawashia hotuba ya vidio kutoka mtandaoni. Bwana mmoja wa Kimarekani alikwenda huku na huku jukwaani akisema kwa dakika 18. Alipokwisha, watu wa kule wakapiga makofi, na wetu nao wakapiga.

"Mmesikia?" akauliza mwalimu.

"Tumesikia!"

Akamwinua msichana mmoja, akamtaka aeleze mambo mawili tu katika yale aliyoyasikia. Msichana alisimama, akatazama sakafu, akatabasamu kwa haya, akaketi. Baadaye, tukishuka ngazi, aliniambia kwamba Alhamisi ya wiki ile ana mahojiano ya kazi ya mapokezi hotelini. "Mzee, kuelewa naelewa," akasema. "Kufungua mdomo ndiyo taabu."

Sina ugomvi na vidio. Hotuba hizi za TED zilianza kutiwa mtandaoni mwaka 2006, nazo hutazamwa bila malipo, ukiacha bei ya bando. Maneno yake yameandikwa chini, anayetaka kuyafuata kwa jicho ayafuate. Mwalimu asiye na vitabu hupata humo sauti ya Mnigeria, ya Mhindi na ya Mwingereza, kila mmoja na Kiingereza chake. Hiyo ni neema. Ugomvi wangu ni huu mtindo wa kuwaketisha vijana kama watazamaji wa sinema, kisha tukasema wamesoma.

Nchi hii ilikwisha kujua njia iliyo bora. Kati ya mwaka 1980 na 1985 palikuwa na majaribio ya kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu Kiingereza kwa redio. Sauti ya redioni iliuliza swali, kisha ikanyamaza kidogo, na watoto wakajibu kwa pamoja, darasa zima likivuma. Halafu sauti ikaendelea. Redio haina masikio, walakini ilijua kunyamaza. Leo tuna chombo chenye picha na rangi, chenye na kitufe cha kusimamisha, na kitufe chenyewe hakiguswi.

Sisi tuliopita chuoni twalijua jambo hili tangu utotoni. Maalim alisoma aya, nasi tukaisoma. Ukikosea herufi alikusimamisha papo hapo, na huendi mbele mpaka dhadi itoke mahali pake. Lakini nakiri na la pili: nilihitimu nikisoma juzuu nzima kwa madda na ghunna zake, na maana ya niliyoyasoma ikaja miaka mingi baadaye. Kwa Kitabu kile hapana hasara, kwani kukisoma peke yake ni ibada. Kiingereza hakina thawabu hiyo. Kwa hiyo nawaonea huruma wale vijana watatu niliowasikia Ngara wakisemea puani kama bwana wa kwenye vidio, sauti tupu, pasi na neno lao wenyewe.

Walimu nao wasilaumiwe peke yao. Katika mtihani wa KCSE hata ustadi wa kusema hupimwa kwa kalamu: mtahiniwa huandika kwenye karatasi vile ambavyo angesema. Anaweza kupata alama nzuri asiwe amefungua kinywa hata mara moja.

Basi nilimwendea mwalimu, nikamwomba, kwa adabu, ajaribu hotuba nyingine fupi. Ni ya Richard Turere, mtoto wa Kimasai wa Kitengela, aliyeitoa California mwaka 2013 akiwa na miaka 13 hivi. Simba wa Mbuga ya Nairobi walikuwa wakila ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, akajaribu na sanamu la kutishia, simba wakazoea. Ndipo alipogundua kwamba huogopa mwanga unaotembea, akatengeneza taa za kumetameta kwa betri kuukuu ya gari na kidude cha pikipiki. Kiingereza chake hakukipinda ili kiwapendeze wenyeji wake. Alisema kama asemavyo mtu wa kwetu, na ukumbi mzima ulimwelewa.

Jumanne nikarudi. Mwalimu aliwasha, na kijana alipofika pale anaposema kwamba akiwa mdogo aliifungua redio mpya ya mama yake, kitufe kikabonyezwa. Kimya. "Mama alifanya nini?" akauliza mwalimu kwa Kiingereza. Mmoja akasema alimchapa, mwingine akasema alimnyima chakula, kicheko kikaanza. Yule msichana wa mapokezi akainua mkono. Akasimulia, kwa Kiingereza, jinsi alivyoifungua saa ya babake akashindwa kuifunga, akaificha ndani ya unga. Makosa ya sarufi yalikuwa tele. Mwalimu aliyaandika pembeni asimkatize. Alisema dakika nne nzima. Wengine wakataka na wao zamu zao, hata darasa likaisha na simba bado hatujawafikia.