KHABARI ZETU KATIKA BARAZA LA WATU

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba,

Yako maneno yanayosemwa siku hizi kwa majivuno: kwamba gazeti si kitu tena, kwamba madhali kila mtu ana simu mkononi, uhuru wa khabari umekwisha patikana na hapana wa kuunyang'anya. Sisi tunasema maneno hayo ni ya khatari, na wanaoyafurahia zaidi ni wale wasiopenda kuandikwa.

Neema iliyokuja hatuikatai. Tunalikumbuka gazeti la Dira, lililohaririwa na marehemu Ali Nabwa. Halikuishi hata miaka miwili. Novemba 2003 Serikali ya Zanzibar ililipiga marufuku, na sheria ya magazeti ya mwaka 1988 ndiyo iliyokuwa fimbo. Baada ya hapo, aliyetaka kusoma mambo ya kwao yasiyopita mikononi mwa Serikali mara nyingi alingoja magazeti yavuke na boti kutoka Bara. Mitandao ya kijamii iliuvunja ungojaji huo. Mwandishi asiye na mtambo wa kuchapia wala kibali cha redio aliweza kuandika asubuhi yuko Micheweni, akasomwa Mkunazini kabla ya adhuhuri, na jioni akasomwa na ndugu zetu walioko Muscat na London. Hilo ni jambo kubwa, na anayelidharau hajui tulikotoka.

Lakini mitandao hiyo ni baraza la nyumba ya mtu. Mgeni hukaa barazani madamu mwenyewe ameridhika. Na baraza hili lina wakubwa wawili.

Wa kwanza ni Serikali, iliyoshika ufunguo wa njia ya kuliendea. Mwaka 2018 Serikali ya Muungano ilitoa kanuni za maudhui ya mitandaoni, na ada za leseni zikapindukia shilingi milioni 2. Mwandishi wa kijijini angezitoa wapi? Tarehe 27 Oktoba 2020, mkesha wa uchaguzi, mitandao ikakwamishwa. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kura, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Tunauliza: khabari za uchaguzi zinazoweza kuzimwa siku ya uchaguzi zinamfaa nani?

Mkubwa wa pili ni kampuni za kigeni, na asidhani mtu kuwa hizo zina huruma zaidi. Bunge la Canada lilipitisha sheria mwaka 2023 kuzitaka kampuni kubwa ziwalipe wenye magazeti. Agosti mwaka huo huo Meta, yenye Facebook na Instagram, ikaanza kuwafungia watu wa Canada khabari zote za vyombo vya khabari. Mwezi ule ule moto wa msitu uliukaribia mji wa Yellowknife, na watu wapatao 20,000 wakaamriwa kuhama. Nao hawakuweza kupelekeana katika Facebook khabari za gazeti la kwao. Ikiwa nchi tajiri imetendwa hivyo, visiwa vyetu vitamlilia nani?

Tena litazameni suala la fedha. Mwandishi wa hapa ndiye anayelipa nauli, ndiye anayekaa mahakamani mchana kutwa, ndiye anayeitwa polisi. Tangazo likibandikwa pembeni ya kazi yake, fungu kubwa huenda kwa kampuni ya mbali. Na mitambo ya kampuni hiyo ndiyo inayochagua nani aone nini, na mara nyingi hukipa kipaumbele kinachochokoza hasira kuliko kilichochunguzwa. Mzushi na mwandishi hukalishwa mkeka mmoja.

Hatusemi mtupe simu zenu. Tunasema simu iwe mlango mmoja, isiwe nyumba nzima. Tunataka sheria isiyompa Waziri uwezo wa kulifunga gazeti kwa amri yake. Mwenye malalamiko aende mahakamani. Tunataka mwandishi wa mtandaoni asidaiwe ada kwa kusema kweli. Na haya mawili tusiyangoje kwa kukunja mikono.

Kila tawi liwe na ubao wa khabari na mtu wa kuuhudumia. Kila mwenye uwezo amlipe mwandishi huru anayemsoma, ijapokuwa kidogo, kwani asiyelishwa na wasomaji wake atalishwa na wengine, kisha atawatumikia. Kila khabari nzito inayokuja kwa simu iandikwe, ihifadhiwe, isomwe kwa sauti kwa wasio na simu. Na karatasi hii ikifika mkononi mwako, isome, kisha mpe jirani. Imepigwa kwa wino na mkono wa wanachama wenyewe. Haina kitufe cha kuizima.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Sisi tunategemea cha wasiokuwa hata ndugu. Tujenge baraza letu.