Haki ya Nyanya Inaanza na Haki ya Anayemwogesha



Tuambiane ukweli. Tukisikia dada yetu kateswa kazini Saudia, sote tunapaza sauti, na ni haki tupaze. Lakini pale nyumbani kwenu, yule dada anayemwangalia nyanya yako, analipwa ngapi? Mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini?

Nauliza kwa sababu hata kwetu Kisauni tulikosea. Nyanya alipopatwa na kiharusi, kikao cha familia kilichukua dakika kumi. Kila mtu ana kazi, wengine wako mbali, basi tafuteni msichana. Tukampata kupitia jirani: elfu saba kwa mwezi, apike, afue, apige deki, halafu amwangalie nyanya. Usiku alilala kwenye mkeka kando ya kitanda. Siku ya mapumziko hakuna. Hakuna hata aliyemwonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa. Mwezi wa tatu nyanya akatokwa na vidonda mgongoni. Na unajua tulifanya nini? Tulimgombeza yule msichana. Asubuhi moja akaondoka bila kuaga, na mimi simlaumu.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anafaa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Sasa mtu aliyeamka alfajiri, akafua na kupika kutwa nzima, ataweza vipi peke yake? Vidonda vile ni sisi tuliovisababisha.

Kwa hivyo, kabla hujauliza kwenye kikundi cha familia "nani anajua msichana wa kazi", fanya haya.

Kwanza, muulize mzee mwenyewe. Anataka aogeshwe na nani? Nyanya ana stara yake, babu naye ana haya zake. Usiamue juu ya mwili wake kama vile hayupo.

Pili, andika kazi zote: kuogesha, kulisha, dawa za presha, nepi, kumpeleka kliniki. Hiyo tayari ni kazi kamili. Kufulia nyumba nzima ni kazi nyingine. Na kama kuna sindano au mpira wa mkojo, hapo unahitaji muuguzi mwenye leseni.

Tatu, mjue unayemwajiri. Angalia kitambulisho na cheti cha tabia njema, kisha mpigie simu aliyemwajiri mbeleni. Wiki ya kwanza, mtu wa nyumbani awepo, amwonyeshe kazi.

Nne, fuata sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 kwa mwaka, na mkataba wa maandishi kazi ikiwa ya miezi mitatu au zaidi. Mwaka 2024 serikali iliweka mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila ya marupurupu ya nyumba. Kuna NSSF na SHA pia.

Utasema, "Hizo pesa tutatoa wapi?" Swali zuri. Watoto na wajukuu wanane wakichanga 2,500 kila mmoja, hiyo ni 20,000. Harusi si tunachanga? Na zisipofika, punguzeni saa, msipunguze haki. Aje asubuhi mpaka adhuhuri, alipwe saa zake, sisi tushike zamu zilizobaki.

Kumwajiri mtu hakukuondolei zamu yako. Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Na ndugu yangu mvulana, usijifiche nyuma ya dada zako. Uji wa nyanya hauchagui mkono wa kuulisha.

Dini imetukataza hata kuwaguna wazazi, na imetuamuru tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Amri hizo mbili zinakutana kwenye chumba kimoja, kando ya kitanda cha nyanya. Huwezi kutimiza moja kwa kuvunja nyingine.

Kwetu tumeajiri upya, safari hii kwa mkataba. Vidonda vimepona, alhamdulillah. Jumapili dada anapumzika, na zamu ni yangu.

Yako ni lini?